Maswali ya Reli: Injini ina wapenzi, behewa lina nani?

Barua za mwezi huu zimenifikia hapa Voi kwa mkupuo, na nyingi ni za ubishi. Nimefurahi, maana ubishi ni dalili kwamba bado kuna wanaojali. Kwa msomaji mpya, niliingia karakana ya reli Nairobi mwaka 1973 nikiwa mwanagenzi upande wa boila. Mvuke ulipoanza kufa wakanihamishia upande wa mabehewa, nikashika randa na patasi mpaka nilipostaafu. Nimezijua pande zote mbili za treni, inayovuta na inayovutwa, na majibu yangu yanatoka huko.

Shikamoo mzee. Marehemu babu yangu alikuwa dereva wa treni za mvuke hapa Tabora. Alituambia injini bora kuliko zote zilizowahi kukanyaga reli zetu ni klasi 30. Rafiki yangu wa Nairobi ananicheka, anasema mbele ya klasi 59 hiyo ni kitoto. Tuamulie. (Msomaji, Tabora)

Marahaba, mjukuu wa dereva. Tuanze na huyo rafiki yako, kwa sababu kwa nguvu amekushinda na hakuna la kubisha. Klasi 59 zilikuwa injini 34 za mvuke za aina ya Garratt, zilizoundwa na kiwanda cha Beyer, Peacock kule Manchester katika miaka ya 1955 na 1956. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252 na urefu wa karibu mita 32, ikitembea kwa magurudumu 28. Hakuna injini ya mvuke ya reli yenye upana wa mita moja iliyowahi kuundwa popote duniani ikaizidi kwa nguvu. Mzigo wa tani 1,200 kutoka Mombasa, ambako reli inaanzia kando ya bahari, hadi Nairobi iliyo juu ya mita 1,600, ilikuwa kazi yake ya kila siku.

Siri yake iko kwenye boila. Kwa injini ya kawaida boila linakaa juu ya magurudumu, na reli ikiwa nyembamba boila nalo hubanwa: haliwezi kunenepa, na tanuru lake haliwezi kushuka chini likapata hewa ya kutosha. Herbert William Garratt, Mwingereza, alifikiri tofauti. Aliweka magurudumu na silinda mbele, akaweka seti nyingine nyuma, kisha akalining'iniza boila katikati kama machela inayobebwa na watu wawili. Chini ya boila hakuna gurudumu. Kwa hiyo boila la klasi 59 lina kipenyo cha karibu mita 2.3, na reli iliyo chini yake ina upana wa mita 1 tu! Mara ya kwanza nilipoingizwa ndani ya tanuru hilo na taa mkononi, nilisimama wima na bado nilikuwa na nafasi ya kuinua nyundo.

Sasa babu yako. Klasi 30 ziliundwa na North British ya Glasgow miaka ileile, na zilipewa majina ya makabila yetu. Magurudumu yake ni mawili ya kuongoza mbele, manane ya kuvuta, na manne nyuma chini ya tanuru. Nyuma zilifungiwa tenda kubwa, yaani gari la kubebea maji, kwa ajili ya nchi kame kama hiyo yenu, ambako stesheni yenye maji mazuri ni ya kutafutwa. Klasi 59 ilikanyaga reli kwa tani 21 kila ekseli, na reli nyepesi za huko hazikujengwa kubeba uzito huo. Babu yako angepewa klasi 59 asubuhi moja pale Tabora, angekuwa amepewa mlima usioweza kutoka nje ya ua.

Maoni yangu mimi, na najua nitaandikiwa barua za hasira: nampa babu yako ushindi. Klasi 59 ina injini mbili, kwa hiyo kila taabu ni mara mbili. Silinda ni nne. Mvuke hauna budi kupita kwenye viungo vinavyozunguka ili ufike kwenye silinda za mbele na za nyuma injini inapokata kona, na viungo hivyo huvuja. Nilitumia miezi ya ujana wangu chini ya viungo hivyo, mvuke ukinitafuta shingoni. Klasi 30 unaizunguka kwa dakika tatu, unafika kila mahali kwa mkono, na fundi mmoja mwenye akili na spana zake anaweza kuirudisha kazini. Nenda makumbusho ya reli Nairobi ukaitazame namba 3020, jina lake Nyaturu. Simama ubavuni pake, uangalie jinsi fito zake zilivyo wazi, hakuna kilichofichwa. Hiyo kwangu ndiyo maana ya injini nzuri.

Na mwambie rafiki yako jambo moja ambalo huenda halijui. Klasi 59 zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, kuanzia 5901 iliyoitwa Mlima Kenya. Iliyoitwa Mlima Kenya imekatwa chuma chakavu. Iliyoitwa Kilimanjaro imekatwa. Zilizobaki ni mbili tu, zote ziko Nairobi: 5918 yenye jina la Mlima Gelai, ulio kando ya Ziwa Natron, na 5930 yenye jina la Shengena, kilele cha milima ya Upare. Milima yote miwili iko Tanzania. Kwa hiyo fahari yake ya Nairobi ina majina ya kwenu.

Bwana Fundi, nawapeleka wanafunzi wangu makumbusho kila mwaka. Kila mara kuna mtu anayewaambia kwamba behewa namba 12 ndilo simba wa Tsavo walimokula watu. Ni kweli? (Mwalimu, Machakos)

Si kweli, mwalimu, na nakushukuru kwa kuuliza kabla ya kuendelea kuwafundisha hivyo. Simba wawili wa Tsavo waliuawa Desemba 1898. Tukio la behewa namba 12 ni la Juni 1900, katika stesheni ya Kima, na simba ni mwingine kabisa. Afisa wa polisi wa reli, Charles Ryall, alikwenda na wenzake wawili kumvizia simba aliyekuwa akisumbua stesheni. Behewa liliegeshwa kwenye reli ya pembeni. Ryall alikaa zamu, usingizi ukamchukua. Simba akaingia kwa mlango wa kuteleza, na kwa kuwa behewa lilikuwa limeinama kidogo, mlango ukajifunga nyuma yake. Alimuua Ryall, akatoka naye kwa dirishani.

Lakini nina ombi, mwalimu. Wanafunzi wakishamaliza kusisimka na simba, waonyeshe behewa lenyewe. Waonyeshe mlango ule wa kuteleza. Waonyeshe dirisha na wapime kwa macho ukubwa wake. Wawaze mbao hizo zimeona mvua ngapi tangu mwaka 1900. Injini iliyolivuta behewa hilo hakuna mtoto anayeiulizia, lakini behewa limesimama na hadithi yake ndani. Hili ndilo jambo linaloniuma katika mapenzi yetu ya reli. Barua kumi nikipata, tisa ni za injini. Tunajua namba zake, kiwanda chake, rangi yake, mlio wa firimbi yake. Nikiuliza abiria walikalia nini, kimya.

Nami najua kimya hicho kinazaa nini. Miaka michache baada ya kustaafu niliombwa na watu fulani nisaidie kuliokoa behewa la daraja la tatu. Fremu yake ya chini ilikuwa chuma kizima, mwili wake mbao za msaji, viti vyake mabenchi ya mbao zilizopangwa kwa nafasi. Nilifanya kazi miezi saba bila malipo. Nilibadilisha nguzo nne za pembeni, nikaunga mbao mpya kwa kiungo cha ulimi na tundu bila msumari hata mmoja, nikafunika paa turubai jipya na kulipaka rangi mikono mitatu. Niliomba jambo moja tu: liwekwe chini ya paa. Niliahidiwa. Siku ya kufungua, wageni wakapigwa picha mbele ya injini. Behewa likasukumwa mpaka mwisho wa ua, likaachwa wazi. Niliporudi baada ya masika mawili, nilibonyeza sakafu kwa kidole, kidole kikazama. Nililia, na siwezi kusema vinginevyo.

Injini ikinyeshewa hufanya kutu, na kutu fundi anaikwangua. Chuma kinene kama kile kinakusubiri miaka thelathini. Ubao haukusubiri. Maji yanaingia pale paa linapokutana na ukuta, yanateremka ndani ya nguzo, yanakaa kwenye ubao wa chini juu ya fremu, na nje rangi inaendelea kung'aa. Kisha mchwa anakuja kumalizia.

Mzee wangu, naishi Manchester na watoto. Kiangazi tulipanda treni ya mvuke Wales, kutoka Caernarfon mpaka Porthmadog, na injini yake ilikuwa na umbo lilelile la injini kubwa niliyoiona Nairobi nikiwa mdogo, ila ndogo. Je, ni ndugu? (Mama wa watoto watatu, Manchester)

Ni ndugu wa tumbo moja, mama, nawe unaishi kwenye mji waliozaliwa! Injini uliyoipanda ni Garratt ya aina ya NGG16, iliyoundwa kwa ajili ya Afrika Kusini. Reli yake ina upana wa karibu milimita 600, na uzito wake ni kama robo ya ile ya Nairobi. Ziliundwa na viwanda kadhaa. Kama uliyopanda ilikuwa namba 143, basi mwaka wake ni 1958, na ndiyo Garratt ya mwisho kutoka kiwanda cha Beyer, Peacock. Klasi 59 zetu zilitoka mlango uleule miaka miwili tu kabla yake. Kiwanda kilikuwa Gorton, mtaa wa hapo hapo kwenu. Wapeleke watoto waione mitaa hiyo.

Na wale wa Wales wana Garratt ya kwanza kabisa duniani, K1, ya mwaka 1909. Ilikwenda Tasmania, ikafanya kazi yake, kiwanda kikairudisha nyumbani mwaka 1947, na baadaye ikafufuliwa kwenye reli hiyo hiyo uliyoipanda. Yaani wa kwanza na wa mwisho wamekutana kwenye karakana moja. Ningependa kuwasikia wakiwashwa siku moja.

Uliniuliza pia, mwishoni mwa barua yako, kama mabehewa ya kule ni ya kale. Mengi ya treni uliyopanda ni mapya, yaliyoundwa kwa ajili ya watalii. Lakini panda ule upande wa pili wa Porthmadog, reli ya Ffestiniog, kwa sababu wamehifadhi mabehewa ya karne ya 19 na bado wanayatembeza. Ukipata nafasi, kaa ndani ya mojawapo na uinamishe kichwa kama wazee walivyoinamisha. Nieleze kulivyonuka.

Kwa nini reli yetu ya zamani ilikuwa ya mita moja hasa? Na kwa nini haikuunganika na TAZARA? (Msomaji, Morogoro)

Upande wa Mombasa, kwa sababu ya India. Kule reli za mita moja zilikuwa zimeshaenea, kwa hiyo injini, vifaa, mafundi na makarani walipatikana pamoja, wakavushwa bahari. Wajerumani nao waliichagua mita moja kwa reli za Tanga na Dar es Salaam. TAZARA ilifuata kipimo cha kusini, milimita 1,067, ili iungane na Zambia. Tofauti ni milimita 67, upana wa vidole vitatu au vinne. Wahandisi waliounda zile klasi 59 walishaifikiria: waliziunda kwa namna ambayo zingeweza kubadilishwa zikatembea kwenye reli ya milimita 1,067 siku njia zitakapounganishwa. Siku hiyo haikufika. Wewe wa Morogoro huna safari ndefu kufika Kidatu, ambako reli hizo mbili zinakutana na mzigo unahamishwa kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Nilikuwa baharia. Miaka ya nyuma meli yetu ilitia nanga Massawa, bandari ya Eritrea, nikaona injini ndogo ya mvuke ikipanda mlima. Naona wapenzi wa reli wanazungumzia India na Uingereza tu. Wewe waonaje? (Baharia mstaafu, Mombasa)

Naona kama wewe, ndugu yangu, tena zaidi. Reli ya Darjeeling kule India ni nzuri, na UNESCO iliiorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 1999 kwa haki. Lakini ningepewa tiketi moja tu ya kwenda kutazama reli nyembamba popote, ningekwenda Asmara.

Reli ile ina upana wa milimita 950, kipimo cha Waitalia. Kutoka Massawa hadi Asmara ni kilomita 118, na ndani ya kilomita hizo inapanda kutoka baharini mpaka zaidi ya mita 2,300. Vita viliimaliza. Vyuma vya reli na mataruma yake ya chuma viling'olewa vikajengea mahandaki ya wapiganaji. Baada ya uhuru, mwaka 1994, kazi ya kuirudisha ilianza, na hakuitwa mkandarasi kutoka nje. Waliitwa wazee, mafundi na madereva waliostaafu, wengine wamepita miaka sabini. Walivikusanya vyuma vile kutoka mahandakini, wakavinyoosha, wakavirudisha chini. Wakazifufua injini zao za aina ya Mallet, zilizoundwa na Ansaldo ya Italia mwaka 1938, na mwaka 2003 treni ikafika Asmara tena.

Mallet na Garratt ni majibu mawili ya swali moja, la namna ya kupitisha injini yenye nguvu kwenye kona kali. Mallet seti yake ya nyuma imefungwa imara chini ya boila, na ya mbele ndiyo inayogeuka. Kwa boila, Garratt ni bora. Kwa fundi wa karakana ndogo iliyo mbali na kiwanda, Mallet ile ya Asmara ni rahisi zaidi, nami nawaelewa wale wazee waliweza vipi.

Kilichonigusa zaidi katika picha zao ni mabehewa. Hawakufufua injini halafu wakaifungia chochote kilichopatikana. Walikaa wakatengeneza mabehewa yao ya mbao, madirisha na mabenchi, kwa sababu kwao treni ilikuwa ya kubeba watu. Wazee wenzangu wa Asmara, kama mna anayesoma Kiswahili kati yenu, heshima zangu ziwafikie.

Shikamoo babu. Mimi niko kidato cha pili, Moshi. Nyuma ya stesheni kuna behewa la zamani la mbao limeachwa. Natamani lisife, lakini sina pesa wala sijui pa kuanzia. (Msichana wa kidato cha pili)

Marahaba mjukuu wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, nikaisoma tena kwa sauti ili bibi yako huku aisikie.

Kwanza, omba ruhusa kwa stesheni masta, na usiende peke yako; nenda na mtu mzima. Behewa lililoachwa lina misumari, lina nyigu, na wakati mwingine lina nyoka. Usipande ndani mpaka sakafu ikaguliwe.

Siku ya kwanza usiguse kitu, andika tu. Tafuta bamba la chuma kwenye fremu ya chini, karibu na kona, uondoe vumbi kwa kitambaa kikavu. Likiwa na jina la kiwanda na mwaka, umeshapata cheti cha kuzaliwa. Tafuta namba iliyopakwa ubavuni, na kama kuna tabaka za rangi zimebanduka, andika mpangilio wake kutoka juu kwenda chini. Hapo historia ya wenye reli iko kama pete za mti. Usikwangue!

Kisha shika nyundo ndogo, ya kugongea njugu inatosha, ugonge ubao wa chini kabisa kuuzunguka mwili wote, hatua kwa hatua. Ubao mzima hujibu kwa sauti kali. Uliooza hujibu kama unagonga mto wa kulalia. Kila panapojibu hivyo weka alama ya chaki, halafu chora behewa lote kwenye daftari na alama zake. Halafu tazama juu, pale paa linapokutana na ukuta, moja kwa moja juu ya kila alama. Utaona penye mwanya.

Mwanya huo unazibika kwa turubai na lami, na hiyo pesa haizidi mchango wa darasa moja. Usifikirie rangi wala viti kwanza. Zuia maji mwaka huu, na behewa litakusubiri umalize shule.

Nitumie huo mchoro kupitia jarida. Nitaujibu hapa hapa, alama moja baada ya nyingine, na kama magoti yataniruhusu, treni ikiwepo au basi, nitakuja Moshi na patasi zangu.